Trio ya piano gizani: Phronesis na mawasiliano bila macho

Agosti 2011, kwenye Tamasha la Jazi la Brecon huko Wales, trio ya Phronesis ilipiga muziki wake taa zikiwa zimezimwa. Wasikilizaji hawakuwaona wapigaji, na wapigaji watatu nao hawakuonana. Onyesho liliitwa Pitch Black, yaani giza totoro. Wazo lake lilitoka kwa Jasper Høiby, mpiga besi (ile kubwa ya nyuzi inayosimamishwa sakafuni) kutoka Denmark aliyeanzisha kundi hilo London mwaka 2005, ambaye dada yake alikuwa akipoteza uwezo wa kuona. Kwenye piano alikuwepo Mwingereza Ivo Neame, na kwenye dramu Anton Eger kutoka Skandinavia. Albamu iliyofuata, Walking Dark, ilitoka mwaka 2012.

Kisa hiki kinastahili kuchambuliwa kwa sababu kinaondoa kitu kimoja tu na kuacha vingine vyote mahali pake. Wapigaji ni walewale, vyombo ni vilevile, tungo ni zilezile. Kilichotoweka ni macho. Wengi wanaotazama trio ya jazi huamini kwamba inaendeshwa kwa kutupiana jicho, kutikisa kichwa na kuinua bega. Taa zikizimwa, inajulikana ni kazi gani hasa macho yalikuwa yakifanya. Hoja yetu ni kwamba katikati ya wimbo macho yana kazi ndogo mno, lakini milangoni yana kazi kubwa: pale wimbo unapoanza, pale zamu ya solo inapobadilika, na pale wimbo unapokwisha. Trio inayotaka kupiga gizani haina haja ya kujifunza upya kubuni papo kwa papo. Inachohitaji ni kuijenga upya hiyo milango.

Ugumu wa tungo za Phronesis unafanya jaribio lenyewe liwe la haki. Wimbo wa kawaida wa jazi wenye vipimo 32 (kipimo ni fungu moja la mapigo, mara nyingi manne), sehemu A mbili, B moja, kisha A tena, wapigaji waliokutana jana tu wanaweza kuumaliza macho yakiwa yamefumbwa, kwa kuwa ramani iko vichwani mwa wote. Phronesis si kundi la namna hiyo. Muziki wao una mafungu ya mapigo yasiyo ya kawaida, misemo (sentensi za melodia) iliyoandikwa ambayo besi na piano huipiga kwa pamoja, na migeuko ya ghafla kutoka sehemu moja kwenda nyingine. Besi ya Høiby mara nyingi ndiyo injini: inaanzisha mdundo na wengine wanaupanda. Ukikosea mahali pa kuingia kwenye muziki wa aina hii, kila mtu ukumbini anasikia.

Msomaji anayeijua taarabu anaijua taksimu: mpigaji mmoja, kwa udi au kanuni, anatembea ndani ya makamu, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, bila mapigo ya kuhesabu, na wengine wanamngoja. Ubunifu wa trio unakwenda kinyume na hapo. Watatu wanabuni kwa wakati mmoja, na mapigo yanahesabika muda wote, hata pale yasiposikika.

Mizizi ya namna hii ya kupiga iko New York. Tarehe 25 Juni 1961 trio ya Bill Evans (piano), Scott LaFaro (besi) na Paul Motian (dramu) ilirekodiwa katika klabu ya Village Vanguard. Siku 11 baadaye LaFaro alikufa kwa ajali ya gari. Katika rekodi zile besi haikuishia kutembea noti nne kwa kila kipimo. Ilijibu piano, ilikatiza, ilianzisha sentensi zake, na dramu nayo ikaacha kazi ya kuhesabu peke yake. Ulaya iliupokea uhuru huo na kuuendeleza kwa ladha yake, kama walivyofanya e.s.t., trio ya mpiga piano Esbjörn Svensson wa Sweden, ambao Dan Berglund wao alipiga besi kwa upinde huku akiikwaruza sauti kwa vifaa vya umeme hadi ikakaribia gitaa la roki.

Ulaya pia ilikuwa na mfano wa karibu zaidi na giza la Brecon. Tete Montoliu wa Barcelona, aliyeishi kati ya 1933 na 1997, alizaliwa kipofu na akawa miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa bara hilo. Miaka ya 1960 alipiga Copenhagen, katika klabu ya Jazzhus Montmartre, pamoja na Niels-Henning Ørsted Pedersen kwenye besi na Alex Riel kwenye dramu. Mwaka 1974 akarekodi Catalonian Fire akiwa na Pedersen na Albert Heath. Lakini tofauti ni kubwa. Katika trio ya Montoliu mmoja haoni na wawili wanaona: wanaona mikono yake ikijiandaa, mabega yake yakiinuka, na wao kwa wao wanaweza kutazamana. Gizani kwa watatu wote, hakuna wa kumwokoa mwenzake kwa jicho.

Nani ameshika "moja"

Tuanze na katikati ya wimbo, ambako tunadai giza halina madhara makubwa. Sharti lipo, nalo ni moja: wakati wowote, mtu mmoja kati ya watatu awe ameushika mzunguko waziwazi, yaani asikike wazi akiijua "moja", pigo la kwanza la kila kipimo. Si lazima awe yuleyule. Anaweza kuwa mpiga besi kwa vipimo vinane, kisha mkono wa kushoto wa mpiga piano, kisha mguu wa mpiga dramu. Kinachoiangusha trio ni pale wote watatu wanapouachia kwa wakati mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake anao.

Chukua kipimo cha 7/8, chenye noti saba za nusu mpigo, kilichogawanywa 2+2+3. Mpiga dramu anaanza kupiga matoazi kwa mafungu ya noti tatu tatu, bila kujali mgawanyo huo. Mafungu yake yatakutana tena na pigo la kwanza baada ya noti 21, yaani vipimo vitatu. Akifanya vilevile kwenye 4/4, kipimo cha mapigo manne, kwa noti za nusu mpigo, atarudi baada ya noti 24, navyo ni vipimo vitatu. Akitumia mafungu ya tano kwenye 4/4, ni noti 40, vipimo vitano kamili. Hesabu hizi wapigaji hawazifanyi jukwaani; wamezipiga mazoezini mpaka urefu wake umeingia mwilini.

Kosa huanza kwa adabu. Mpiga piano anasikia mafungu ya tatu tatu, anafurahi, anayaiga. Kuiga ndilo jibu la haraka kuliko yote katika jazi, na mara nyingi ndilo jibu dhaifu. Mpiga besi sasa anasikia wawili wanasema jambo moja na yeye yuko peke yake. Anajitilia shaka, anasogeza noti yake nusu mpigo. Tangu hapo pigo la kwanza halina mwenyewe. Kwenye mwanga, mwili wa mpiga dramu ungewaambia ukweli hata kama mikono yake inazunguka mbali, kwa sababu goti na bega hushuka na "moja". Hapa ndipo macho yana kazi kidogo hata katikati ya wimbo, na dawa yake gizani ni ya sauti: mikono iende itakako, lakini mguu wa kushoto ubaki kwenye hai-hati (matoazi mawili yanayobanwa kwa pedali), ukibana mahali palepale pa mzunguko, kwa sauti ya kutosha kufika kwa mpiga besi.

Ikiwa mambo yameshaharibika, mwenye shaka anyamaze kwa vipimo viwili na kusikiliza. Wengi hufanya kinyume. Hupiga kwa nguvu zaidi ili kujithibitisha, na hapo watatu wanakuwa na "moja" tatu. Kisha besi ipige noti moja ndefu, mzizi wa kordi (noti inayolipa jina fungu la noti zinazopigwa pamoja), kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata, na wawili wengine waifuate hata kama wanaamini wao ndio walio sahihi. Besi inapewa uamuzi huu kwa sababu noti ya chini kabisa ndiyo inayoamua masikio ya ukumbi yataisikia kordi gani. Besi ikiwa sehemu A na piano sehemu B, msikilizaji anasikia sehemu A iliyopigwa vibaya.

Kuna pia suala la umbali. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, hivyo mita tatu kati ya dramu na besi ni kama milisekunde 9. Peke yake si tatizo. Lakini waya wa E wa besi hutikisika mara 41 hivi kwa sekunde, maana yake mtikisiko mmoja kamili unachukua kama milisekunde 24, na noti hiyo huchelewa kujaa masikioni kuliko mgongano wa kijiti na toazi. Mpiga besi mzoefu hulitangulia pigo kwa kiasi kidogo sana ili noti ijae kwa wakati. Gizani, bila kuona kijiti kikishuka, utangulizi huo hupotea kirahisi na mwendo wote huanza kuburuta. Kwa hiyo wapigaji wakae karibu, mita moja na nusu hadi mbili, besi ikiwa katikati, upande wa toazi la raidi, lile linalopigwa mfululizo kushika mwendo. Spika za jukwaani zipunguzwe kadiri inavyowezekana: zinaitoa sauti ya piano kwenye sakafu mbele yako wakati piano yenyewe iko kushoto, na gizani mwelekeo wa sauti ni habari usiyopaswa kuipoteza.

Noti moja inayosema mengi

Mawasiliano ya kordi ndiyo yaliyo bora kabisa katika trio, na hayahitaji mwanga hata kidogo. Mfano mmoja unatosha. Mpiga piano ana kordi tatu mfululizo: D maina 7, kisha G7, kisha C meja 7. Kwa kuwa besi ina mizizi, mkono wake wa kushoto hauhitaji kuipiga. Unashika F, A, C, E kwa kordi ya kwanza, F, A, B, E kwa ya pili, na E, G, B, D kwa ya tatu, karibu na C ya kati. Kati ya kordi ya kwanza na ya pili ni noti moja tu iliyohama: C imeshuka kuwa B. Hatua hiyo ya nusu toni, iliyo ndogo kuliko zote kwenye piano, ndiyo tangazo lote. Mpiga besi akiisikia anajua G7 imefika, hata kama yeye mwenyewe yuko juu kabisa ya chombo akijibu melodia.

Sasa mpiga piano anabadilisha G7 na kushika F, A flati, B, E flati (flati ni noti iliyoshushwa nusu toni). Ndani yake bado kuna F na B, noti mbili zinazoipa G7 uso wake. Lakini F na B ni za D flati 7 pia. A flati na E flati zinazidi kuelekea huko, kwa kuwa ni noti ya tano na ya tisa ya D flati. Mpiga besi ana chaguo mbili na sehemu ya sekunde ya kuamua: abaki na G, kordi isikike kali na yenye mvutano, au aende D flati, ashuke nusu toni hadi C. Akienda D flati, mpiga piano anatambua kwamba pendekezo lake limepokewa na kuongezwa kitu, na katika mzunguko unaofuata anaweza kulifungua zaidi. Mwendo ukiwa mapigo 120 kwa dakika, kila mpigo ni nusu sekunde. Mabadilishano haya yote yamekwisha ndani ya kipimo kimoja.

Kinachoyaharibu ni mkono wa kushoto mzito wa mpiga piano. Mpiga piano anayeshuka chini sana na kupiga mizizi kwa nguvu anamnyima mpiga besi chaguo la pili. Gizani kishawishi hiki kinaongezeka, maana mtu asiyeona wenzake hutaka kusikia ardhi chini ya miguu yake. Ndiyo maana onyesho la gizani lina hatari ya kujaa: kila mmoja anapiga noti zaidi ili wengine wajue yupo. Mpiga dramu anaweza kuivunja hali hiyo kwa kuhamia brashi (vijiti laini vya nyuzi), au kwa kuacha vipimo viwili vitupu na kubaki na hai-hati tu.

Milango mitatu

Kuanza. Kuhesabu kwa mdomo kunafaa, ingawa kwa nyimbo za polepole kunaharibu hali ya ukumbi. Njia bora ni pumzi: mmoja anavuta pumzi kwa pua, kwa sauti, urefu wake ukiwa mpigo mmoja kamili wa mwendo unaotakiwa. Pumzi fupi kuliko mpigo huwafanya wengine waingie mapema, kwa mwendo wa pumzi badala ya mwendo wa wimbo. Njia ya tatu ni kumpa mmoja utangulizi wa peke yake. Besi ikianza na mdundo wake kwa vipimo vinne, inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: inataja ni wimbo gani, na inatoa mwendo. Hilo linaondoa hata haja ya karatasi ya orodha ya nyimbo.

Kubadilisha zamu. Solo ya piano inapoelekea mwisho, kwenye mwanga mpigaji huinua kichwa na kumtazama anayefuata. Gizani lazima aandike mwisho wake ndani ya muziki. Misemo inafupika, inashuka kutoka juu ya kinanda, kipande cha melodia ya wimbo kinarudi, na sentensi ya mwisho inatua kwenye pigo la kwanza badala ya kulivuka. Mpiga dramu husaidia kwa kuutia alama mwisho wa sehemu, kwa kawaida katika vipimo viwili vya mwisho kati ya vinane. Kosa la kawaida ni mpiga piano kufunga vizuri, kisha kupata wazo jipya na kuendelea. Wakati huo besi imeshaanza solo. Kanuni hapa iwe ngumu: sentensi ya kufunga ikishatamkwa, mlango umefungwa, hata kama wazo lililokuja baadaye ni zuri kiasi gani. Na besi ikianza, piano ishushe sauti mara moja hadi kordi moja kwa vipimo viwili, maana solo ya besi hufunikwa kirahisi kuliko zote.

Kumaliza ndiko kugumu kuliko yote, na wimbo unaopunguza mwendo mwishoni ni mgumu mara mbili. Watatu hawawezi kupunguza mwendo pamoja kwa kubahatisha. Wanaweza kumaliza ndani ya mwendo, kwa kurudia vipimo vinne vya mwisho mara tatu na kukata kwenye mara ya tatu. Au upunguzaji wote wapewe mtu mmoja: piano inapiga vipimo viwili vya mwisho peke yake, kwa uhuru, na besi na dramu zinaingia baada ya kusikia noti ya chini ya kordi ya mwisho. Kuikata kordi hiyo kwa ghafla kusijaribiwe. Mtu anayesikia mwenzake amekata, naye akajibu kwa kukata, huchelewa kwa takriban milisekunde 150, na ucheleweshaji huo unasikika wazi katika ukumbi ulio kimya. Piano ishikilie pedali, besi iache waya utikisike, matoazi yafe yenyewe.

Mikono inajuaje ilipo

Mpiga piano ana bahati: noti nyeusi zimepangwa mbili na tatu, na vidole vinazisoma. Hatari yake ni miruko ya zaidi ya oktavu (umbali hadi noti inayofuata ya jina lilelile), ambayo aipunguze au aipitie kwa kugusa noti nyeusi ya jirani kwanza. Besi haina alama za kugusa kwenye ubao wake, lakini mkono una vituo viwili vya uhakika: kisigino cha shingo, pale shingo inapoungana na mwili wa chombo, ambacho kwenye besi nyingi huangukia D au E flati ya waya wa G, na katikati ya waya, ambako kuugusa kidogo tu kunatoa noti ya oktavu inayolia kama filimbi. Mpigaji anayepotea huenda kwenye kimojawapo, anasikia, anaendelea. Mpiga dramu ndiye mwenye vitu vingi vya kugonga kimakosa. Stendi zikazwe, miguu yake iwekewe alama ya utepe sakafuni kabla ya taa kuzimwa, na vijiti vya akiba vining'inie ubavuni mwa ngoma ya sakafu, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Nyaya zote zibandikwe chini. Muziki wote uwe kichwani. Hakuna njia ya mkato hapo.

Kwa trio inayotaka kujaribu, mazoezi yapande ngazi. Kwanza macho yafumbwe taa zikiwaka, kwa bluzi ya vipimo 12, mapigo 120, bila kupatana nani anaanza solo wala mizunguko mingapi. Kisha wapigaji wakae wakipeana migongo kadiri vyombo vinavyoruhusu. Giza lije mwisho, na wimbo wa 7/8 uje baada ya wimbo wa vipimo 32 kukaa sawa. Kila jaribio lirekodiwe, na wakati wa kusikiliza mtu asitafute noti mbaya. Atafute sekunde ambayo zamu ilibadilika, na aulize: nani alijua kwanza, na alijua kwa sauti gani? Mara nyingi jibu ni kitu kidogo kuliko ilivyodhaniwa, mguso mmoja wa toazi, au noti ya besi iliyoshikiliwa kwa muda mrefu kidogo kuliko jirani zake.

Wasikilizaji nao wana lao. Desturi ya jazi ni kupiga makofi solo inapokwisha, na watu huongozwa na macho: wanaona mpigaji akiinama au akirudi nyuma. Gizani makofi hayo huchelewa, au hayaji kabisa, na solo inayofuata inaanza kwenye ukimya safi. Kwa solo ya besi hiyo ni faida kubwa, kwa sababu vipimo vyake vinne vya kwanza ndivyo ambavyo kwa kawaida humezwa na makofi ya piano.

Taa zikirudi, trio isirejeshe ishara zote za macho ilizokuwa nazo. Mbili zinatosha: jicho kwa kordi ya mwisho inayokatwa ghafla, na jicho kwa kusimama katikati ya wimbo ambako muda wake haukuandikwa. Mengine yote yabaki kwenye pumzi, mguu wa hai-hati na ile nusu toni kutoka C hadi B.